Kwa Motokaa toka Uvira hata Fizi

Wazee wa pwani yetu wanawakumbuka Wagiriki. Walikuwa watu wa maduka, tena wavuvi. Ndio walioleta katika Ziwa Tanganyika, miaka ya 1950, zile nyavu kubwa za kuzungushia ndakala, zenye kufanya kazi kwa mashua za injini. Walikuja, wakauza, wakavua, na wengi wao wakaondoka. Lakini habari za nchi walikotoka hatukuzijua sana, ila yale machache tuliyoyasikia kanisani. Maana Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho na Wathesalonike, nao ni watu wa nchi ile ile.

Ugiriki ni nchi ya magofu na ya monasteri. Kila mwaka wageni kwa mamilioni huiendea, na wengi hukodi motokaa wapate kusimama popote wapendapo. Katika juma moja mtu aweza kuiona ngome ya Athene, yenye nguzo za marumaru zilizojengwa zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristu. Aweza kufika Korintho na kusimama mbele ya jukwaa la mawe ambapo Paulo, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, alishtakiwa mbele ya liwali Galio. Kisha huendelea kaskazini hata Meteora. Huko majabali yamesimama wima kama minara, na juu yake watawa Waorthodoksi walijenga monasteri zao tangu karne ya 14. Zamani hapakuwa na njia. Mtawa alivutwa juu kwa kamba, naye amekaa ndani ya wavu. Monasteri hizo zilikuwa 24. Leo zenye watawa ni sita tu, nazo zina ngazi na barabara ya lami.

Basi msafiri huyo arudipo kwake ameona nyumba za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mawe yamebaki na sala imekufa. Hakuna tena anayemtolea Zeus sadaka. Ya pili ni ile ambayo taa yake ingali inawaka, na kengele inalia kila alfajiri.

Tulipozisoma habari hizo tuliulizana sisi kwa sisi: je, kwetu hakuna kitu cha kutazama? Toka Athene hata Korintho ni kilomita 80 hivi. Toka Uvira hata Baraka si mbali zaidi sana, maana njia haifiki kilomita 100. Tukasema, na twende nasi tukaone mambo yetu ya kale. Tukapata motokaa ya rafiki mmoja, tukatia mafuta, tukachukua bidoni moja ya akiba, tukaondoka Uvira kungali na umande.

Njiani

Barabara hii yafuata ziwa. Mkono wa kushoto ni maji, mkono wa kuume ni milima. Kila kijiji kina harufu yake: hapa ndakala zaanikwa juu ya mchanga, pale mawese yachemka, mbele kidogo akina mama watwanga sombe. Mpanda motokaa wa Ugiriki hukimaliza kipande cha namna hii kwa saa moja na kidogo. Sisi tulikwenda kwa kadiri ya mashimo na madaraja. Na mvua ikinyesha, mito ya milimani ndiyo inayoamua nani atavuka na nani atalala kando.

Kabla hatujafika mbali tulipita Makobola. Hapo tuliivua kofia, wala hatukusema neno. Mwisho wa mwaka 1998 na siku za kwanza za mwaka 1999, wakati wa vita, mamia ya raia waliuawa katika mahali hapa na vijiji vya jirani. Hakuna nguzo za marumaru. Kuna watu wanaolima, na watoto waendao shule wakiwa na madaftari kichwani. Lakini kila mwenye umri anajua ni nani hayupo katika nyumba ipi. Tukaanza kufahamu kwamba safari yetu haitakuwa kama ile ya Wagiriki. Kwao mtu huona mawe, kisha huuliza habari za watu. Kwetu mtu huanza na watu.

Ghuba na Kibanga

Baraka iko kando ya ghuba. Mbele yake, ng'ambo ya maji, imelala rasi ndefu ya Ubwari, na nyuma ya Ubwari ni ziwa lenyewe lenye kina, hata pwani ya Burundi. Waingereza Burton na Speke walipita huku kwa mitumbwi mwaka 1858 wakienda Uvira, na ghuba hii katika ramani imepewa jina la Burton, ijapokuwa Wabwari na Wamasanze walikuwa wakivua humo zamani sana kabla yake.

Zamani zile biashara ya watumwa ilikuwa imelizunguka ziwa lote. Soko kubwa lilikuwa Ujiji, na mwenye nguvu katika upande wa kaskazini alikuwa Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Misafara ilivuka ikiwa na pembe za ndovu na wanadamu. Jina la Baraka ni neno zuri, lakini si wote waliopita pwani hii kwa minyororo walioona baraka.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Mwaka ule ule walianza misioni Rumonge, ng'ambo ya Burundi, inayoelekeana na Ubwari. Misioni ile haikudumu: tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa hapo. Lakini wenzao walikuwa wamekwisha vuka kuja upande wetu, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakajenga Kibanga, karibu na Ubwari. Kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, waliiita pia Lavigerieville.

Kibanga ilikuwa misioni, tena ilikuwa makimbilio. Mapadri waliwakomboa watoto kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima na dini. Watoto walipokua walioana, wakapewa mashamba, na vijiji vikazaliwa kandokando ya misioni. Na tuseme kweli: walikuwako waliouliza, hata katika siku zile, kama kumkomboa mtoto kwa vitambaa na shanga si kumpa mwuzaji sababu ya kwenda kuteka mwingine. Swali hilo si la mjinga. Lakini mtoto aliyekuwa amesimama mbele ya Padri, shingo yake ina kovu la kamba, hakuweza kungoja wenye akili wamalize kubishana.

Kibanga iliishi miaka kumi tu. Homa iliwamaliza mapadri na watoto pamoja. Askofu Bridoux, aliyewekwa juu ya Wakristu wote wa nchi za Tanganyika, alifia hapo mwezi wa Oktoba mwaka 1890, hajatimiza miaka miwili tangu afike. Mwaka 1893 Padri Roelens, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alianza Baudouinville, yaani Moba ya leo, kilomita zipatazo 300 upande wa kusini penye nyanda za juu zenye hewa njema. Kibanga ikaachwa, na Wakristu wake wakahamia kule.

Basi Kibanga ndiyo Korintho yetu. Kuta za udongo hazikai kama marumaru. Mvua miaka michache, na mti wa mwembe ukikua mahali pa mlango, mambo yamekwisha. Lakini sikilizeni yaliyotoka katika gofu lile. Huko kusini, katika Baudouinville hiyo, tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa siku hizi zetu. Hekalu la Delphi halikuzaa kitu baada ya kuanguka. Kibanga ilianguka, nayo ikazaa.

Kapteni na mwanawe

Katika habari za Kibanga yumo mtu mmoja ambaye tunataka msomaji amkumbuke vizuri, maana tutamkuta tena mbele. Jina lake ni Kapteni Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842. Ujanani alikuwa askari wa Baba Mtakatifu Pius IX. Kardinali Lavigerie alipotafuta watu wa kuzilinda misioni za ziwani, Joubert alijitoa. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 alikuwa akilinda upande huu wetu wa Masanze na Kibanga, kwa bunduki na kwa kuwazoeza vijana kushika zamu usiku.

Alirudi Ulaya, kisha mwaka 1887 alifika Mpala, kusini zaidi. Misioni ya Mpala ilikuwa imepewa ngome aliyoijenga Mbelgiji Storms mwaka 1883. Nayo ngome hiyo ina habari zake za huzuni: mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtawala Lusinga, na fuvu la kichwa chake likachukuliwa hata Ubelgiji. Hayo nayo ni mambo ya kale yetu, wala si vema kuyaruka.

Joubert alipigana na wateka watumwa miaka mingi. Lakini hakuwa mgeni wa kupita. Mwaka 1888 alimwoa binti wa nchi, jina lake Agnes, kwa ndoa takatifu. Wakajenga nyumba yao Mrumbi, wakapata watoto, na mzee akawa akiganga wagonjwa, akiamua mashauri na kufundisha katekisimu. Alikufa mwaka 1927 akiwa na miaka 85, wala hakurudi kwao.

Katika watoto wake mmoja alikuwa Albert, aliyezaliwa mwaka 1908. Huyu hakushika bunduki. Alisoma seminari, akapewa upadri mwaka 1935, akawa Abbé Albert Joubert, padri wa nchi hii, mwenye damu ya pande mbili na lugha ya huku. Nao uzee wake ulimkuta Fizi.

Baraka, tarehe 28 Novemba 1964

Mapadri Waxaveri wa Italia walikuja Kongo mwaka 1958, wakapewa kazi upande wa Uvira, na mwaka 1962 Uvira ikawa jimbo. Baraka walikaa Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, na Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30. Fizi alikaa Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, pamoja na Abbé Joubert, aliyekuwa na miaka 56.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 nchi iliingia taabuni. Watu walikuwa wametumaini mengi, wakaona machache. Mwaka 1964 maasi yakazuka, na waasi wakaitwa Simba. Tangu mwezi wa tano Uvira na Fizi zilikuwa mikononi mwao. Wengi wao walikuwa vijana wa milima hii hii, nao walikuwa na manung'uniko ya kweli juu ya mishahara isiyolipwa, juu ya wakubwa walioshiba upesi. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, yaani Kisangani, na hasira juu ya kila mzungu na kila padri ikawaka nchi nzima.

Siku nne baadaye, kama saa nane mchana, gari la Jeep lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Faccin aliambiwa apande garini. Alikataa, nao wakampiga risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha Wakristu. Aliposikia mshindo alitoka nje. Naye akaamriwa apande, naye akakataa. Alipiga magoti kando ya ndugu yake aliyelala chini, na hapo hapo akauawa.

Tuliposimama penye uwanja ule, mama mmoja mzee alikuja na fimbo yake kutusalimu.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, wanangu. Mnatafuta nini? Kama ni kanisa, lile pale."

Tukamwambia kwamba tunaandika habari za zamani. Alitutazama sana, kisha akasema: "Basi mkiandika, andikeni yote. Msiandike nusu. Wengine huandika waliokufa tu, kana kwamba waliowaua walitoka mwezini."

Tukanyamaza, maana alisema kweli. Neno lake lilitufuata siku ile nzima.

Kupanda Fizi

Kutoka Baraka njia yaacha ziwa na kupanda ndani ya milima. Hewa yabadilika, muhogo wafuatana na mahindi, na nyuma, kati ya vilima, maji yaonekana kama kitambaa cha buluu. Ni njia nzuri sana. Hatukuweza kuifurahia kama tulivyotaka, maana tulijua ni gari gani lililopita hapa alasiri ile ya mwaka 1964. Ile Jeep ya Baraka ndiyo iliyopanda Fizi.

Walifika jioni, wakabisha hodi kwenye nyumba ya mapadri. Padri Didonè alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Abbé Joubert alikuwa karibu naye. Akauawa vile vile.

Hapa ndipo habari zetu mbili zinapokutana. Baba alikuja pwani hii ya Masanze na bunduki, ili watoto wa watu wengine wasichukuliwe. Hatumlaumu, pasipo yeye na walinzi wake wengi wangaliishia Ujiji sokoni. Lakini bunduki, hata ya mtu mwema, huacha makaburi pande zote, na wajukuu wa waliopigwa hawasahau. Mwana alikaa katika milima hii hii bila silaha yoyote, miaka 80 baadaye. Baba alifia kitandani, mzee mwenye heshima. Mwana alikufa mlangoni. Kanisa halikumwita baba mwenye heri, bali mwana.

Maana tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza hao wanne kuwa Wenyeheri: Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert. Miaka 60 karibu ilikuwa imetimia. Wenye heri hawa ni ndugu wa Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, binti wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku tatu tu baada yao.

Tuandike yote

Tuliporudi usiku ule, taa za wavuvi zilikuwa zimewashwa ziwani, tukazungumza juu ya neno la yule mama. Waliopanda ile Jeep walikuwa na mama zao. Baadhi yao walisikia kengele ya misioni tangu utoto. Tukiwahesabu kuwa wanyama tu, tutadhani kwamba sisi hatuwezi kufanya kama wao. Na Makobola, na mahali pengi baada ya Makobola, patatukumbusha kwamba mtu yeyote aweza kupandishwa gari la namna hiyo. Na tena tukiwataja mashahidi bila kutaja minyororo ya Rumaliza, bunduki za Kapteni, fuvu la Lusinga na njaa ya mwaka 1964, tutakuwa tumeandika nusu. Mwenyeheri hashuki kutoka mbinguni akiwa ndani ya picha. Hutoka katika nchi yenye mashimo kama barabara yetu.

Wagiriki wana sheria, walinzi na tikiti za kuyatunza mawe yao, nao wafanya vema. Sisi mawe yetu ni machache, na udongo wetu warudi upesi kuwa udongo. Basi lililobaki kwetu ni kazi nyingine. Katika kila parokia na kila kisentro wamo wazee wanaojua ni nani alikuwa katekista wa kwanza, shule ya kwanza ilisimama chini ya mti upi, na nani alificha wakimbizi katika shamba lake. Wazee hao wanakufa. Kijana mwenye daftari na kalamu aende akawaulize sasa, aandike majina na miaka, amsomee mzee alichoandika ili amsahihishe, na daftari liwekwe parokiani. Kazi hiyo haihitaji motokaa.

Na siku njia ikiwa salama, wasomaji wapenzi, nendeni nanyi. Nendeni kwa gari, kwa pikipiki au kwa miguu, toka ziwani hata Fizi. Simameni Makobola, mkasali. Tazameni Ubwari, mkakumbuka watoto wa Kibanga. Pigeni magoti Baraka mahali pale ambapo Padri mmoja hakukubali kumwacha ndugu yake chini peke yake. Kisha mkifika Fizi waombeeni waliouawa, na waliowaua pia, wale waliokwisha kufa na wale ambao pengine wangali wanaishi, wazee, katika milima yetu. Na mkiulizwa na watoto mlikwenda kuona nini, waambieni yote.